Miti myembamba ya kando ya ukuta: mwashoki au saiprasi?

MamaUani
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nimejenga Bunju, nyumba imekula karibu kiwanja chote, kati ya ukuta na madirisha ya nyuma imebaki kama mita 2 tu, sasa jirani kapandisha ghorofa na baraza lake linatazama moja kwa moja uani kwangu, hata kuanika nguo naona aibu. Nataka miti inayoenda juu bila kutanuka na isiyopukutisha majani yote kiangazi. Mmoja ananiambia mwashoki, mwingine saiprasi zile nyembamba kama mshale. Nichukue ipi? Na mizizi haitanipasulia ukuta?

Kitalu_Tegeta
Dada yangu hapo ni mwashoki, usiumize kichwa. Asili yake kusini mwa India na Sri Lanka kwahiyo joto la Dar na unyevu wake hauna shida nalo. Ila kuwa makini ukienda kununua, upo unaotanua matawi kama mti wa kivuli na upo ule ambao matawi yananing'inia yamebana shina, wewe unataka huo wa pili. Chagua mche wenye shina moja lililonyooka, na kama mizizi imeshaanza kujizungusha ndani ya kiriba achana nao. Shimo futi 2 kwa 2, udongo wa juu changanya na samadi iliyooza vizuri, mti hadi mti acha mita 1 mpaka 1.5. Mwaka wa kwanza mwagilia hasa, maji mengi kwa kupumzisha sio kunyunyizia kidogo kidogo kila siku, ila pasiwe panatuama maji maana mizizi itaoza.

Mzee wa Meru
Mimi saiprasi nazipenda kuliko mti wowote lakini Bunju nakukataza. Ile nyembamba ni mti wa Mediterania, umezoea kiangazi kikavu, fukuto la pwani litaisumbua. Halafu kuna vidukari vya saiprasi, vijidudu vinavyofyonza utomvu, viligundulika Malawi mwaka 1986 vikasambaa mpaka kwetu na Kenya, vimekausha miti mingi sana. Unaona tu rangi ya kahawia inaanzia ndani ya matawi. Na saiprasi ukiikata mpaka kwenye mti mkavu wa ndani haichipui tena, pengo linabaki hivyohivyo.

kijani255
Nakubaliana na mwashoki, mizizi yake sio mikorofi kama ya mikuyu, ila kaa mbali na chemba na bomba bovu, mzizi wowote unafuata maji. Kitu ambacho wauzaji hawasemi ni popo. Mti ukizaa, matunda yakiiva yanakuwa zambarau nyeusi na popo wanayafuata usiku, wanachafua ukuta na chochote kilicho chini, kwahiyo kamba ya nguo isogeze upande mwingine.

MamaUani
Asanteni sana jamani. La mwisho, kona moja nyaya za umeme zinapita juu, si naweza kuikata kichwa ikifika pale?

Kitalu_Tegeta
Hapana dada, ukikata kichwa unatoa vichwa vingi na ule wembamba unapotea, na wenyewe unapita mita 10 bila shida. Kona hiyo weka bogenvilia ipande ukutani, hiyo utaipogoa unavyotaka, miashoki ianzie pale nyaya zinapoishia.