Nina IR, nipo Tabora: nijifunzie wapi na nipange safari kwa zana zipi?

NgamboTBO

Wakuu, heshima kwenu. IR, yaani idhini ya kuruka kwa vyombo bila kuona nje, nimeipata kwa mfumo wa Marekani, leseni ya hapa ninayo. Ndege ni injini moja ya pistoni, mwendo noti 130 (maili za baharini kwa saa), mafuta lita 50 kwa saa, GPS ni GTN 650 ya Garmin. Safari nyingi ni Tabora–Kigoma, mara chache Mwanza.

Naomba mnisaidie haya: mtandaoni nijisomee nini ambacho hakitanipoteza huku kwetu? Hali ya hewa kuanzia Novemba mpaka Aprili mnaipanga kwa zana gani? Na ninunue tabuleti ipi? Bando la huku mnalijua, kwa hiyo kitu cha kutazama video saa tatu mfululizo msinitajie.

MzeeWaHoldi

Karibu kijana. Anza na PDF za bure za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani: kitabu cha kuruka kwa vyombo, FAA-H-8083-15B, na cha taratibu, FAA-H-8083-16B. Pakua mara moja, bando umemaliza nalo. Kozi fupi za usalama za AOPA, chama cha marubani cha Marekani, ziko pia bila malipo, na Skybrary, maktaba ya mtandaoni ya usalama wa anga, ina makala fupi zinazofunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Kozi ya kulipia usiiguse kabla hujavimaliza hivyo.

Kitabu cha kwanza hakina uraia. Kugawa macho kwenye vyombo, kujua ala ipi inakudanganya, kuruka wakati ala ya upeo bandia imezimika, hayo ni yale yale Texas na Tabora. Cha pili ndicho chenye mtego, kwa sababu kimeandikwa kwa kanuni za TERPS, za Marekani za kuchora taratibu za kushuka, na chati zetu zimechorwa kwa PANS-OPS, kanuni za ICAO (shirika la anga la kimataifa), Doc 8168.

Mtego mkubwa kwa aliyesomea Marekani ni kugeuza njia kabla ya kushuka. Kule ukiona mshale wa kugeuzia kwenye chati, unachagua mwenyewe ugeuke kwa umbo gani, mradi ubaki upande uliolindwa na ndani ya umbali uliotajwa. Chini ya PANS-OPS umbo lililochorwa ndilo unaloruka. Na kwenye kona ya msingi (unatoka kwa njia moja, kisha unageuka kuingia njia ya kutua) lazima uingie ukiwa ndani ya nyuzi 30, kulia au kushoto, za njia ya kutokea. Ukija kutoka upande mwingine unaingia kwanza kwenye holdi (mzunguko wa kusubiri angani), unajipanga, ndipo unatoka. Wengi hukatiza moja kwa moja juu ya alama na kugeuka, kisha wanajikuta nje ya eneo lililopimwa vikwazo wakiwa tayari wanashuka. Chora kila chati unayoitumia kwa kalamu kwenye karatasi, ukiingia kutoka pande nne. Zoezi hilo halihitaji umeme.

La pili ni kuzunguka kiwanja kwa macho. PANS-OPS inampa kundi A (makundi ya ndege hufuata mwendo wa kushuka) noti 100 na duara la maili za baharini 1.68 kutoka kizingiti cha njia. Kundi B noti 135 na maili 2.66. Namba hizo zimepigwa kwa mwinuko wa futi 1,000. Chati za zamani za Marekani zinampa kundi A maili 1.3. Aliyezoea 1.3 akija huku anajibana na kukata kona kali chini ya mawingu wakati nafasi anayo. Ukifanya mazoezi ya simuleta kwa chati za kule ukiwa na mazoea ya huku, ndiyo hatari zaidi.

Kwa GTN, Garmin hutoa bure programu ya mazoezi ya kompyuta ya Windows. Fanya jambo moja mpaka uchoke: kuahirisha kutua. Ukifika alama ya mwisho GPS inasimama na kuandika SUSP (imesitisha mfuatano). Haikuongozi popote mpaka umeiruhusu iendelee. Mikono ijue hilo kabla ya siku ya mvua.

DispachaUjiji

Mzee kamaliza upande wa shule, mimi nashika upangaji.

Chanzo cha chati na taratibu ni AIP ya Tanzania (kitabu rasmi cha taarifa za anga) inayotolewa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pamoja na NOTAM, matangazo ya mabadiliko kwa marubani. Mzunguko wa AIRAC, wa kutoa marekebisho ya chati, ni siku 28, kwa hiyo PDF uliyopakua kwa rafiki mwezi juzi ni karatasi ya kufungia vitumbua. SkyVector ni ya bure na nzuri kwa kuchora njia na kupima umbali, lakini usitue nayo. Namba za viwanja: Tabora HTTB, Kigoma HTKA, Mwanza HTMW, Dodoma HTDO.

METAR (hali ya hewa iliyopo kiwanjani) na TAF (utabiri wa kiwanja) utazipata TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na tovuti ya hali ya hewa ya anga ya Marekani, aviationweather.gov, inabeba pia za kwetu pamoja na SIGMET, maonyo ya hali mbaya angani. Kiwanja kisipokuwa na METAR ya saa unayoitaka, usikisie kutoka cha jirani. Piga simu mnarani. Saa zote ni za UTC, zinazoandikwa kwa Z. Njia rahisi kwa Mswahili: mchana chukua saa yetu uongeze 3. Saa 2 asubuhi ni 0500Z, saa 10 jioni ni 1300Z. Usiku, mpaka saa 12 asubuhi, unaongeza 15, na ikifika 24 au zaidi unatoa 24. Watu husoma 0500Z kama saa tano, na NOTAM ya kufungwa njia inawapita hivihivi.

Kwenye tovuti ya Windy wengi huangalia upepo wa usawa wa msongo wa 850 hPa. Tabora iko futi kama 3,870, hivyo 850 ni futi 1,100 tu hivi juu ya mahindi. Upepo wa safari angalia 700 hPa, karibu na futi 10,000. Kwa mawingu ya radi fungua picha za infraredi za Meteosat kwenye tovuti ya EUMETSAT, cheza saa tatu zilizopita. Usitazame ukubwa wa doa jeupe, tazama linavyopanuka. Radi za juu ya Ziwa Tanganyika hupenda usiku na alfajiri, wakati za bara hupanda mchana. Kwa hiyo anga jeupe Tabora saa 12 asubuhi halikuambii lolote kuhusu Kigoma. Na kiangazi nacho kina lake: moshi wa kuchoma miombo unakula mwono hata bila wingu.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo watu hudanganyana. Tabora–Kigoma ni maili 190. Bila upepo ni saa 1 na dakika 28, lita 73. Kiwanja mbadala ukiweka Tabora yenyewe, unarudi mashariki na upepo wa mbele. Ukiwa noti 20, mwendo juu ya ardhi ni 110, saa 1 na dakika 44, lita 86. Akiba ya dakika 45 ni lita 38. Kuwasha, kutambaa na kupanda weka 10. Jumla 207. Bujumbura iko karibu zaidi, kama maili 95, ila ni nchi nyingine: forodha na uhamiaji vinakusubiri. Na mafuta ya kurudi yasiingie kwenye mpango wako mpaka umeambiwa kwa simu kuwa yapo, ya aina yako, na pampu inafanya kazi.

Mpango wa safari uwasilishe angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Kisanduku cha 10 kinawatoa watu jasho: herufi S siku hizi ni redio ya VHF, VOR na ILS tu. ADF unaiandika mwenyewe kwa F, DME kwa D, GPS kwa G. Ukiweka R (uwezo wa PBN, urambazaji wa usahihi uliopangwa), lazima kisanduku cha 18 kiwe na PBN/, mfano B2 ya njiani na S1 ya kushukia kama ndege imeidhinishwa. Kwenda Kigoma unaelekea magharibi, kwa hiyo FL080 au FL100 (futi 8,000 au 10,000 kwa msongo wa kawaida). Kurudi FL090 au FL110.

NgamboTBO

Nashukuru sana wakuu. Mzee, GTN yangu inaweza LPV, kushuka kwa GPS kwenye mwongozo wa wima pia. Huku nitaipata?

MzeeWaHoldi

Hapana. LPV inataka ishara ya SBAS (setilaiti za kusahihisha GPS), nayo haitufikii. Skrini itakuandikia LNAV (mwongozo wa kulia na kushoto tu), au LNAV+V. Hiyo +V ni mshale wa wima wa hisani tu. Chini ya MDA, kimo cha mwisho cha kushukia kabla ya kuiona njia, haijakukinga na chochote. Ongeza futi 50 kwenye MDA ndipo uanze kuahirisha, maana ndege huzama kidogo kabla ya kupanda. Na kwa kuwa SBAS haipo, fungua ukurasa wa RAIM (GPS kujikagua yenyewe), weka kiwanja na saa ya kufika. Kugundua setilaiti mbovu kunahitaji 5, kuitoa kunahitaji 6.

Piga pia hesabu ya kupanda. Tabora kwa nyuzi joto 32, msongo ukiwa wa kawaida, ndege inajiona iko futi 6,800 hivi. Kuondoka kwa mwinamo wa kupanda wa 3.3% ni futi 200 kwa maili. Kwa noti 90 juu ya ardhi ni futi 300 kwa dakika. Fungua jedwali la ndege yako uone kama zipo ukiwa umejaza hizo lita 207 na abiria watatu.

ZiwaniKgm

Kuhusu tabuleti: ForeFlight, programu ya chati na kupanga safari, ni ya iPad na iPhone pekee. SkyDemon inakubali na Android. Yoyote utakayochukua, usiiweke juu ya dashibodi kwenye jua la Tabora. iPad ikipata moto inajizima yenyewe. Pakua chati usiku wa kuamkia safari, kisha zima data kabisa na ufungue kila ukurasa uone kama umeshuka kweli. Chati ya Kigoma na ya kiwanja mbadala chapa kwenye karatasi. Na ukifungua ya Kigoma soma MSA, kimo cha chini kilicho salama eneo hilo, kwanza: kusini kuna Mahale, kilele cha Nkungwe ni mita 2,462, karibu futi 8,100. Ukipewa kushuka mapema ukitokea upande huo, uliza tena.

DispachaUjiji

Nyongeza ndogo kwa wa simuleta: badilisha altimita kutoka inchi kwenda hPa kabla ya zoezi la kwanza.