CRP imeshuka baada ya kubadili chakula. Kolonoskopi bado ya nini?

Mtoto wa Mzee: Habari zenu wakuu. Nina miaka 43. Baba aligundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na 52, na tangu hapo chakula nakiogopa. Mwezi wa tatu nilipima damu, CRP (kile kipimo cha inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka moto) ikasoma 14. Nikaacha soseji na bekoni, nikahamia kwenye maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa. Juzi nimerudia: 2! Katikati hapo sikuugua chochote, zaidi ya jino lililonivimbisha shavu tangu mwezi wa pili, nikaling'oa mwezi wa nne. Daktari bado ananing'ang'aniza kolonoskopi, kile kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera. Kama inflamesheni imeisha, wanatafuta nini huko? Na niseme ukweli, habari ya kuingiziwa mpira nyuma siitaki. Naombeni ushauri.

Tabasamu77: Hongera mkuu. Chakula ndiyo dawa, hao wengine waache na mashine zao.

Kichuguu: Mkuu, hilo jino umelipita mbio sana. CRP hutengenezwa na ini baada ya kupata ishara kutoka kwa seli za kinga, hasa ile kemikali ya kupeleka ujumbe iitwayo IL-6. Inakwambia kuna moto, haisemi unawaka chumba gani. Jino lenye usaha linaweza kabisa kukufikisha 14, na likitoka namba inashuka ndani ya siku chache hata ungeendelea na soseji zako. Halafu polipu, kile kinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, inaweza kukaa humo CRP ikiwa 1. Nafanya kazi maabara, hii naiona.

Mtoto wa Mzee: Duh. Jino sikulifikiria kabisa. Kwa hiyo maharage nimekula bure?

Mama Pacha: Hujala bure, kaka. Nyuzinyuzi hatuzimeng'enyi sisi. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozichachusha na kutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta ukilishwa vizuri unaziba vizuri, bakteria hawapenyi kuichokoza kinga. Butireti hiyohiyo inasaidia kuongeza seli T za kudhibiti, zile zinazowatuliza askari wenzao wa kinga. Kuhusu soseji umefanya sawa pia: mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, iliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la visababishi vya saratani, gramu 50 kila siku zikipandisha hatari kwa takriban asilimia 18. Siyo kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Ni nyongeza juu ya hatari uliyokuwa nayo.

Mwaka huohuo ulitoka utafiti ninaoupenda sana. Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana aina ya chakula kwa wiki mbili. Waliopewa nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, dalili za inflamesheni kwenye ukuta wa utumbo zilishuka, wenzao zikapanda. Sasa angalia walipimia wapi: utumboni kwenyewe, kwa kolonoskopi. Na mwanzoni karibu nusu ya wale Wamarekani walikutwa na polipu, watu waliojiona wazima kabisa.

Kichuguu: Na hizo polipu maharage hayaziyeyushi. Zinakatwa.

Bin Subira: Mzazi akiwa ameugua, miongozo mingi inasema uanze kuchunguzwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, ile inayotangulia. Kwako ni 40. Umechelewa mitatu, ila polipu kwa kawaida huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani, kwa hiyo nenda tu. Mimi nilikutwa nazo mbili, damu yangu haikuwa na shida yoyote. Huo mpira unaouogopa sikuuona, nililala. Kazi ni ile dawa ya kusafisha tumbo usiku wa kuamkia.

Mtoto wa Mzee: Nimempigia daktari, amenipangia wiki ijayo. Hiyo dawa ikoje mdomoni?

Bin Subira: Maji ya chumvi yanayojifanya limau. Ipoze iwe baridi, tumia mrija, na usipange kwenda mbali na choo.