Kitambi baada ya miaka 40: kufunga, kupunguza wanga, mazoezi au sindano?

Baba wa Tabata
Wakuu, salaam. Nina miaka 47, kazi yangu ni ya kukaa ofisini Posta, na kwenye foleni ya kwenda na kurudi pia nimekaa. Kilo zimeongezeka taratibu na karibu zote zimekwenda tumboni. Kiuno kimefika sentimita 104, presha nayo imeanza kupanda. Ninazoambiwa ni njia nne: kufunga, kupunguza wanga, mazoezi, au hizi sindano za kupunguza uzito. Naomba tuzilinganishe, hasa kwa sisi tuliovuka 40. Nataka njia nitakayoishi nayo hadi uzeeni.

Nesi wa Ilala
Umefanya vizuri kupima kiuno, kaka, maana mizani peke yake haisemi yote. Kwa mwanaume hatari huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 94, na huwa kubwa kikipita 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Mafuta yanayotutia wasiwasi si yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, ni ya ndani yanayozunguka ini na utumbo. Hayo huvuruga kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ndiyo maana kitambi, presha na kisukari huandamana. Lakini pia hupungua mapema mtu anapoanza kushuka uzito.

Kuhusu kufunga: mwaka 2022 ulichapwa utafiti wa Guangzhou, China, wa watu 139 wenye uzito mkubwa. Wote walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, lakini kundi moja lilikula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Waliobanwa saa walipungua wastani wa kilo 8, wengine kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu huenda ni ya bahati tu. Kwa hiyo kufunga kunasaidia kama kunakufanya ule kidogo. Ukishinda na njaa halafu usiku ukala vya siku nzima, tumbo litabaki palepale.

Ami wa Tanga
Nesi amesema kweli. Mimi hufunga Jumatatu na Alhamisi, na kwangu ndiyo njia nyepesi kuliko zote kwa sababu haina gharama wala kupimapima chakula. Mtihani uko kwenye futari. Mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, juisi, na bado wali unasubiri! Fungua kwa tende chache na maji, sali, kisha kaa ule samaki na mboga.

Kocha wa Temeke
Wakuu, mimi naweka mazoezi mbele, ila si sitapu. Sitapu hukaza misuli ya tumbo, haziyeyushi mafuta ya pale. Mwili huchota mafuta unakotaka wenyewe.

Na hili la kwamba mwili hupunguza kasi ukifika 40 tulitazame upya. Utafiti uliochapwa 2021 katika jarida la Science, uliohusisha watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi 29, ulikuta kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki sana tangu miaka 20 hadi 60. Kinachobadilika ni maisha: tunakaa zaidi, tunalala kidogo, misuli inapungua kwa kutotumika. Ndiyo maana sipendi mtu wa umri wetu ajikondeshe kwa njaa peke yake. Atapoteza misuli pamoja na mafuta, na kilo zikirudi, kinachorudi zaidi ni mafuta.

WHO, Shirika la Afya Duniani, wanashauri angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Jimu si lazima. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, piga pushapu za ukutani kisha za chini, nyanyua madumu ya maji ya lita tano. Daladala shuka kituo kimoja kabla.

Mama Zawadi
Jamani, na sisi wanawake tumo. Hedhi inapoelekea kukoma, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani yanahamia tumboni. Unakula kama zamani lakini gauni halifungi. Huo si uvivu, na inauma sana kuambiwa hivyo na watu wa nyumbani kwako.

Kilichonisaidia ni sahani: nusu mboga za majani, robo maharage, dagaa au samaki, robo iliyobaki ugali wa dona. Ugali sikuuacha. Nilichoacha ni soda, maana chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, na chai sasa nakunywa bila sukari. Chai za kupunguza tumbo msizinunue. Nyingi zina sanamaki, mtu anaharisha anadhani amepungua.

Msafiri, Minneapolis
Nazungumzia sindano kwa kuwa huku Marekani zinatumika sana. Kwenye utafiti wa 2021 wa semaglutide, mojawapo ya dawa za sindano hizi, waliochomwa kila wiki kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito. Ni kubwa kuliko njia zote mlizotaja. Lakini walioacha walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Maana yake ni dawa ya muda mrefu, ghali, yenye kichefuchefu na kutapika kwa wengi. Nawaomba sana, msinunue mitandaoni kwa mtu msiyemjua. Ianze kwa daktari.

Baba wa Tabata
Nashukuruni sana. Naona nianze na sahani ya Mama Zawadi na mazoezi ya Kocha. Swali: mdogo wangu ana kisukari na anataka tufunge pamoja. Inafaa?

Nesi wa Ilala
Asianze kabla ya kumwona daktari wake. Kama anatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akifunga, sukari yake inaweza kuporomoka hadi azimie. Wewe nawe ukianza dawa ya presha, endelea kupima, kwa sababu uzito ukishuka dozi huenda ikabadilishwa na daktari.

Kiuno pima kwa futi ya fundi nguo, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi. Mara moja kwa mwezi inatosha. Lengo ni kiuno kisichofika nusu ya urefu wako, kwa hiyo kama una sentimita 170, tunatafuta chini ya 85. Kwanza tuitoe hiyo 104 chini ya 100.