Siku moja tu Moshi, tuko wanne na bi mkubwa ana magoti: twende Materuni, Chemka au Marangu?

Mgeni wa Kigamboni aliandika:

Habari zenu wakuu. Tunatoka Dar kwa basi, tunafika Moshi Ijumaa jioni na kurudi Jumapili alfajiri. Kwa hiyo siku ya kutembea ni Jumamosi peke yake. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka 9, na mama yangu wa miaka 66 ambaye anatembea vizuri kwenye tambarare ila ngazi na miteremko vinamsumbua magoti. Hatuna gari.

Nimeorodhesha maporomoko ya Materuni, chemchemi ya Chemka na eneo la Marangu. Je, vyote vitatu vinaingia ndani ya siku moja? Na mlima tutauona, au ndiyo ile bahati nasibu? Tunafikiria Jumamosi ya mwisho ya Februari.

---

Kihamba cha Juu alijibu:

Karibu sana mkuu. Vitatu haviingii, na sababu ni ramani yenyewe. Materuni iko kaskazini, unapandia Uru, kama kilomita 15. Marangu iko mashariki: unashika barabara ya Dar hadi Himo, kisha unakunja kushoto kupanda. Chemka iko magharibi, hadi Boma Ng'ombe kwenye barabara ya Arusha, halafu unateremkia kusini kwa njia ya vumbi. Kila moja inakurudisha mjini kabla hujaanza nyingine. Ukilazimisha, mtoto ataona vioo vya gari siku nzima.

Chagua upande mmoja, na jioni ibakie ya mji. Kwa hali ya bi mkubwa, upande wenu ni Marangu.

Materuni ni pazuri, maporomoko yana karibu mita 80, lakini gari haliyafikii. Ukishuka kijijini kuna mwendo wa dakika 40 hadi saa nzima, kwenda tu, kwenye njia nyembamba ya kupanda na kushuka kando ya bonde. Udongo wake ni mwekundu wa mfinyanzi: mvua ikinyesha usiku, asubuhi unateleza kama umepakwa mlenda. Kwa magoti, kuteremka ndiko kunakoumiza kuliko kupanda, na kule huwezi kuukwepa mteremko. Mtu akichoka katikati, hakuna bodaboda ya kumwokoa.

Marangu karibu kila kitu kinafikika kwa gari. Ratiba yenu ikae hivi:

Ondokeni mjini saa 2 asubuhi. Msisimame Marangu Mtoni, pitilizeni moja kwa moja hadi lango la hifadhi. Kuanzia kama saa 3 na nusu hadi saa 5 ndipo wapanda mlima wanapoandikishwa: wapagazi wanapima mizigo, waongozaji wanakimbizana na karatasi. Ni kivutio chenyewe, na mtoto atapenda. Mpo zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari wakati mji uko kwenye mia nane na ushei, kwa hiyo hesabuni baridi ya nyuzi kama 6 zaidi ya mjini. Bi mkubwa abebe sweta hata kama Moshi mmeamka na jasho. Kuishia pale langoni ni tofauti na kuingia hifadhini. Ukivuka lango kupanda, hapo kuna tozo na mwongozaji.

Kutoka langoni teremkeni kwenye makumbusho ya Kichagga na mapango. Mapango yalichimbwa wakati wa vita vya zamani ili watu na mifugo wajifiche. Ndani ni pafinyu na unainama, kwa hiyo bi mkubwa abaki juu kwenye nyumba ya msonge, asikilize maelezo ya kihamba (shamba la migomba la ukoo) na mifongo, ile mifereji ya kuteremsha maji kutoka msituni hadi migombani.

Mwisho maporomoko ya Kinukamori, karibu kabisa na Marangu Mtoni. Kuna ngazi za kuteremka hadi chini ya maporomoko, lakini yanaonekana pia kutoka juu bila kugusa ngazi hata moja. Ndiyo maana nakwambia Kinukamori na si Materuni.

Saa 9 alasiri muwe mmeanza kurudi.

---

Kipilefti YMCA alijibu:

Naongezea la mlima, maana hapo wageni wengi wanakosea saa. Wanalala hadi saa 3, wanakunywa chai, wanatoka nje na kuuliza "mlima uko wapi?" Umeshavaa blanketi.

Iko hivi. Usiku hewa inapoa na kutulia, alfajiri Kibo, kilele kikuu, kinakuwa wazi. Jua likishapanda linapasha misitu ile mikubwa iliyozunguka kiuno cha mlima, unyevu unapanda, unapoa na kuwa wingu. Kufikia saa 3 au 4 asubuhi pazia limefungwa. Jioni joto likipungua, mara nyingi wingu linazama na kilele kinachomoza tena kuanzia saa 11 na nusu hadi giza. Kwa hiyo mna nafasi mbili: saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na ule muda wa magharibi.

Huna haja ya kwenda mbali. Panda juu ya paa la nyumba yoyote ya wageni yenye ghorofa tatu nne, geukia kaskazini. Kibo ndicho kile cha kushoto chenye barafu (Uhuru, mita 5,895, iko hapo), Mawenzi ndiyo ile ya kulia yenye meno meno, mita 5,149. Barafu mnayoiona kutoka Moshi ni ya upande wa kusini. Wakati wa kuweka chumba ulizeni kabisa kama paa linafikika, na ombeni chumba cha kaskazini. Hiyo ndiyo pesa nzuri kuliko zote mtakazotumia.

Chagua miezi pia. Januari na Februari anga huwa safi. Machi hadi Mei masika, usiahidi mtu kitu. Juni hadi Agosti hakuna mvua kubwa lakini kuna baridi na wingu zito la chini ambalo linaweza kukaa siku nzima.

Sasa tatizo: Jumamosi ya mwisho ya Februari mara nyingi ndiyo mkesha wa mbio za Kilimanjaro Marathon. Vyumba vinajaa mapema, bei zinapanda, na Jumapili asubuhi baadhi ya barabara zinafungwa kwa ajili ya wakimbiaji. Wewe unasema basi lako ni Jumapili alfajiri. Sogeza wiki mbili nyuma, utalala kwa amani. Na usije ukahamishia Krismasi: wiki ile Wachagga wote wa dunia wamerudi nyumbani, tiketi ya basi utaitafuta kwa tochi.

---

Dereva wa Himo alijibu:

Kuhusu usafiri. Kwa watu wanne kuna njia mbili.

Ya kwanza, daladala. Pale stendi kuna Haisi za Marangu, zinaishia Marangu Mtoni. Kutoka hapo hadi langoni ni kilomita tano sita za kupanda, mtachukua bodaboda au teksi ya pale. Ni rahisi kwa mfuko, ila Haisi inaondoka ikijaa, na ikijaa maana yake imejaa kweli. Bi mkubwa mwenye magoti kukaa siti ya nyuma amebana miguu zaidi ya saa nzima, mtakuwa mmemmaliza kabla ya kuanza.

Ya pili, kukodi gari ndogo au Noah kwa siku nzima. Nashauri hii. Lakini patana kwa maneno kamili, kwa sababu ugomvi wote unatokana na neno "Marangu". Dereva akisema Marangu anaweza kumaanisha Mtoni. Mkifika pale mkasema "sasa twende getini", anaongeza bei, na ana haki yake, mlima unakula mafuta. Taja vituo vyote kwa majina: langoni, makumbusho na mapango, Kinukamori, kurudi mjini, kisha kituo cha reli na sokoni. Taja saa ya kuondoka na saa ya kumaliza. Uliza kama mafuta na kusubiri vimo ndani. Lipa nusu asubuhi, nusu mkirudi. Gari mtafute kupitia mapokezi ya mnapolala, si kwa vishoka wa stendi wanaokuvuta begi.

Beba noti ndogo, za 1,000, 2,000 na 5,000. Kwenye viingilio vya vijijini chenji ni shida, na dai risiti. Lakini mkiamua kuingia hifadhini kwenyewe, fedha taslimu hazipokelewi: malipo ni kwa kadi au kwa kumbukumbu namba. Bebeni vitambulisho vya NIDA, bila hivyo utapataje bei ya raia?

---

Ndala za Bluu alijibu:

Wakuu mmemsahau mtoto. Miaka 9 anataka maji, si makumbusho. Chemka maji ni ya bluu, unaona hadi chini, kuna mizizi ya mikuyu, kuna kamba ya kurukia. Na bi mkubwa anakaa kivulini, hakuna kupanda kokote. Mimi ningeenda huko.

---

Kihamba cha Juu alijibu:

@Ndala za Bluu hoja ya kivuli nakubali. Lakini Jumamosi? Mwisho wa wiki Chemka ni muziki na umati, kuanzia saa 5 hata pa kuweka taulo hupati. Ni mahali pa Jumanne. Tena tumweleze mkuu ukweli: wengine wanaiita maji moto, ila maji ni ya uvuguvugu tu. Kina kinabadilika ghafla, kwa hiyo mtoto asiyejua kuogelea hakai bila boya (yanakodishwa pale pale) na mtu mzima mkononi mwake. Na ile njia kutoka Boma Ng'ombe, kilomita kumi na kitu, kiangazi ni vumbi la kupenya hadi kwenye meno, masika gari dogo linakwama.

Wakienda, waondoke mjini saa 1 asubuhi na saa 5 wawe wameshatoka.

---

Mgeni wa Kigamboni aliandika:

Nashukuru sana wakuu. Basi ni Marangu, na tarehe nasogeza hadi Jumamosi ya pili ya Februari. Bi mkubwa ameshasikia neno "mtori" na hataki kusikia lingine. Je, tule wapi na tule nini? Na kahawa? Kuna mtu kaniambia pia tupande hadi kambi ya Mandara mlimani kwa kuwa tayari tuko getini.

---

Mtori wa Mshare alijibu:

Mandara acheni. Ni kilomita 8 kupanda na 8 kurudi, hadi mita 2,700 na zaidi, pamoja na tozo na mwongozaji. Hiyo ni siku nzima ya watu wenye magoti mapya.

Chakula: agizeni mapema, hapo ndipo watu wanapoharibu mchana. Mtori si chakula cha kupashwa. Nyama na mifupa vinachemka kwanza hadi vilainike, ndipo ndizi mshare zinaingia, zikiiva zinapondwa kwa mwiko hadi uji mzito. Ni saa moja na nusu kwa uchache. Kwa hiyo mkishuka kutoka langoni, dereva awasimamishe kwenye mgahawa wa Marangu Mtoni mtoe oda, mwende makumbusho na Kinukamori, mrudi mkute uko mezani. Mkikaa kwanza ndipo muagize, mtapewa wali na kuku wa jana.

Kwa mtoto, machalari: ndizi na nyama, hazipondwi. Kiburu ni ndizi na maharage, bi mkubwa atakipenda. Kisusio muulize kwanza, ni supu yenye damu, si kila mtu anaiweza wala kila dini inairuhusu. Mbege ni ya ndizi mbivu na ulezi, uchungu wake unatokana na gome la msesewe. Ni nzito na chachu, ionjeni mkiwa mmeshakula.

Kahawa: Februari msitegemee kuona buni nyekundu mitini, mavuno ni kuanzia Julai hadi Desemba hivi. Lakini kule makumbusho au kwa wenyeji wa jirani wanaweza kuwaonyesha kwa buni zilizokaushwa: kutwanga kwenye kinu ganda jembamba litoke, kupepeta, kukaanga kwenye chungu, kutwanga tena, kuchemsha. Inachukua kama saa moja, kwa hiyo mkiitaka, mapango yapunguzeni.

---

Kipilefti YMCA alijibu:

Na jioni mjini msizunguke sana. Saa 10 na robo mko Moshi: kituo cha reli dakika 20 (reli kutoka Tanga ilifika hapa 1911, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha), kisha kahawa pale Union Cafe ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima kilichoanza 1933. Kutoka hapo mnara wa saa ni karibu na ni tambarare, bi mkubwa atatembea mwenyewe. Soko la mitumba la Memorial mliache, mke wako akiingia mle machweo yatawapita.

Mwenye kupenda historia ampe dereva nyongeza asubuhi, akunje Kiboriloni kupanda Old Moshi, pale Wajerumani walipomnyonga Mangi (chifu) Meli tarehe 2 Machi 1900. Hadi leo ukoo wake unadai fuvu lake. Ila hiyo inakula saa moja na nusu ya Marangu, na waandikishaji langoni hawatawasubiri.

Saa 11 na nusu muwe juu ya paa.

---

Mgeni wa Kigamboni aliandika:

Nimepata chumba cha kaskazini, paa lipo na funguo iko mapokezi. Mpokezi kasema niiombe usiku, alfajiri yeye huwa hajaamka.