Draiva ya mota ya stepa inakata mawasiliano mota ikianza kuzunguka

Wakuu, naomba ushauri. Nina draiva tatu (vifaa vya kuendesha mota) za mota za stepa, yaani zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo, kwenye laini moja ya RS-485 (nyaya za data za pamoja), zinaongea na PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo) kwa Modbus RTU (lugha ya mawasiliano ya vifaa hivi). Kila moja ina anwani yake, na rezista za ohm 120 nimeweka ncha zote mbili za laini. Mota zikitulia, zote zinajibu. Nikiamuru ya pili izunguke tu, ya tatu inapotea: taa nyekundu inapepesa mara mbili, halafu kimya. Nimeshusha spidi ya data kutoka biti 115200 hadi 9600 kwa sekunde, afadhali kidogo lakini bado. Nahisi ni kelele ya umeme, maana kebo ya data nimeipitisha bomba moja na nyaya za mota (uvivu wangu huo). Nikizitenganisha inatosha? Na ule wavu wa chuma unaozunguka nyaya ndani ya kebo ya data niufunge kwenye ethi upande mmoja au pande zote mbili?