Hewa chafu na uzazi wa panya dume wa maabara: idadi ya mbegu inatuambia nini?

Swali

Ndugu wachangiaji, ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu panya dume watakaovutishwa moshi wa dizeli. Katika taarifa nilizosoma, kuna wanyama waliopungukiwa mbegu za kiume na ambao seli za korodani zao zilionekana kuharibika, lakini walipowekwa pamoja na majike wenye afya walizalisha kama kawaida. Je, hapo tuseme uzazi wao umeathirika? Pia, uchafu unaoingia mapafuni unadhuruje kiungo kilicho mbali hivyo? Msimamizi wangu anapendekeza siku 14 za kuvutisha, nami nina shaka.

Jibu la kwanza

Shaka yako ina msingi. Kwa panya wadogo weupe, safari ya seli mama hadi kuwa mbegu kamili huchukua takriban siku 35, na kwa panya wakubwa takriban siku 52. Baada ya hapo mbegu hukaa zaidi ya wiki moja katika epididimisi, mrija uliojikunja kando ya korodani, zikikomaa. Ukipima siku ya 14 utaona tu yaliyozipata mbegu zilizokuwa karibu kukamilika, huku madhara kwa seli mama yakiwa bado hayajajitokeza. Vutisha kwa mzunguko mzima wa kutengeneza mbegu, kisha bakiza kundi moja katika hewa safi kwa mzunguko mwingine, uone kama idadi itarejea.

Kuhusu watoto, panya huzalisha mbegu nyingi mno kuliko anazohitaji, hivyo anaweza kupoteza sehemu kubwa na bado akajaza kiota. Binadamu hana akiba ya namna hiyo. Andika kwamba uzalishaji wa mbegu umepungua, wala usiandike kwamba panya ni mgumba.

Jibu la pili

Kwenye swali la njia, wengi hudhani kwamba ni lazima chembe yenyewe ya moshi ifike kwenye korodani. Zile ndogo kuliko mikrometa 0.1 zinaweza kupenya kwa kiasi fulani hadi kwenye damu, lakini hata zinazobaki mapafuni huamsha uvimbe ambao ishara zake huzunguka mwilini, na kemikali zilizoshikamana nazo huyeyuka na kusafiri. Utando wa mbegu una mafuta mengi yanayooksidishwa kwa urahisi, na kwa kuwa mbegu imepoteza karibu ute wake wote wa ndani, ina vimeng'enya vichache vya kujikinga. Viungio vya seli za Sertoli, yaani seli zinazolea mbegu ndani ya korodani, vinavyotenganisha damu na mbegu zinazokua, navyo huweza kulegea.

Usisahau ubongo. Pima testosteroni pamoja na homoni ya luteini, ambayo hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo na kuziamuru korodani zitengeneze testosteroni: zote zikishuka, tatizo huenda liko kwenye haipothalamasi (sehemu ya ubongo inayoiongoza pituitari) au pituitari yenyewe; testosteroni ikishuka huku luteini ikipanda, zitazame seli za Leydig, zile za korodani zinazotengeneza testosteroni.

Jibu la tatu

Ningeongeza kipimo cha vinasaba. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya panya waliowekwa karibu na viwanda vya chuma na barabara kuu mjini Hamilton, Ontario. Waliopumua hewa iliyopitishwa kwenye vichujio vya HEPA, vinavyonasa hata chembe ndogo sana, walirithisha mabadiliko ya vinasaba kwa kiwango cha chini kwa asilimia 52 kuliko wenzao wasiochujiwa, na tofauti hiyo ilitoka hasa upande wa baba. Vichujio hivyo huzuia chembe bila kuzuia gesi, kwa hiyo chembe ndizo za kushukiwa kwanza. Panya hao walizaa. Anayehesabu watoto peke yake asingeona lolote.

Muulizaji

Ahsanteni. Ikiwa tutakosa chumba cha kuvutishia, tunaweza kudondosha chembe zilizochanganywa na maji ya chumvi kwenye mrija wa hewa?

Jibu la kwanza

Mnaweza, ila swali litabadilika. Dozi huingia kwa mkupuo, pua haipati nafasi ya kuchuja chochote kwa kuwa imepitwa, na uvimbe huwa mkali kuliko wa kuvuta taratibu. Njia hiyo inafaa kuchunguza namna madhara yanavyotokea, haifai kukadiria kiwango cha hatari. Mkipata chumba, kundi linganishi likae katika chumba cha aina hiyohiyo chenye hewa safi, kwa sababu joto na kubanwa peke yake hupunguza mbegu.