Tupeane uzoefu: kompyuta ya mezani inayojizima yenyewe, wakazi wa Kusini

Mwenye Steshenari (Mtwara Mjini)
Wakuu wa Kuchele, Lindi na vitongoji vyote, habari za mihangaiko. Nimechoka kusikia "CPU imekufa", yaani lile kasha la kompyuta, kila umeme ukikatika na kurudi. Nyingi zinazoletwa hapa dukani hazijafa, zimejizima kwa makusudi. Zina ulinzi wake toka kiwandani, ila baadhi ya mafundi wetu wanakimbilia kuuza mazabodi, ile bodi kuu ya ndani.

Naanza na yangu. Ukibonyeza, feni inacheza kidogo halafu inasimama. Fundi akasema bodi hiyo. Nikachomoa waya ukutani, nikashikilia swichi ya kuwashia mpaka kitaa cha kwenye bodi kikazimika, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ikawaka, baada ya muda ikakata tena. Pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, ikihisi shoti, au volti zikipanda kupita kiwango, inajifunga, na haifunguki mpaka umeme wa ukutani uondoke kabisa. Kubonyezabonyeza ni kujisumbua. Ikijifunga tena ujue shoti bado ipo. Mimi niliikuta kwenye mlango wa USB wa mbele: wateja wamelazimisha flashi mpaka vibati vya ndani vimepinda vikagusana. Nikachomoa kebo ya mlango ule kwenye bodi, basi. Leteni vyenu.

Karani wa Msimu (Tandahimba)
Yangu ilikuwa joto. Ofisi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, imepakana na ghala la korosho, na msimu ukichanganya vumbi halina pa kwenda. Asubuhi mashine safi. Mchana, wakulima wamejaa mlangoni wanaulizia malipo, inaanza kujivuta, ukibofya jina inafikiria kwanza, mara pap, kioo cheusi. Wakasema virusi, ikapigwa Windows upya, ikazima vilevile. Kijana mmoja akafungua kasha, akatoa feni ya prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote. Chini yake vumbi limeshikana kama blanketi, upepo haupiti hata kidogo. Kumbe kule kujivuta ndio ulinzi wenyewe: prosesa ikichemka inapunguza kasi ili ipoe, na joto likizidi kupanda, kwenye nyingi ni karibu nyuzi 100, inakata umeme isiungue. Akasafisha kwa brashi, akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa akapaka nyingine. Mpaka leo haijarudia. Dalili ya joto ni hii: ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi, ukiiacha ipoe inadumu.

Bint Kilwa
Huku Masoko umeme ukirudi unaweza kuja, ukakata, ukaja tena ndani ya dakika moja. Mashine ya ofisini ilikuwa inawaka yenyewe kila ukirudi, kwa hiyo inakatwa katikati ya kuwaka. Hadidiski ya kwanza ilikufa hivyo, naamini kabisa. Dawa iko kwenye bayosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, upande wa mambo ya umeme: kuna sehemu ya kuchagua umeme ukirudi mashine iwake au ibaki imezima. Weka ibaki imezima. Ila kama saa na tarehe vinarudi nyuma kila ukichomoa waya, betri ya kwenye bodi, ile ya duara CR2032, imekwisha, na mpangilio wako utafutika pamoja na saa. Badilisha betri kwanza.

Mzee wa Mitumba (Masasi)
Wanaonunua mashine zilizotoka Marekani, tazameni nyuma ya pawa saplai. Za zamani zina kiswichi chekundu cha kuchagua volti, 115 na 230. Sisi ni 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko na moshi juu. Hapo hakuna cha ulinzi wa ndani, mimi nimenusa.

Ticha wa Nachingwea
Nyongeza. Kompyuta ina kulala kwa aina mbili. Ya kwanza kazi yako inabaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, ambayo inaendelea kula umeme kidogo. Umeme ukikatika, kazi inapotea. Ya pili kazi inaandikwa kwenye diski, mashine inazima kabisa, ukiwasha unaikuta ulipoishia. Nilikuwa natunga mtihani wa muhula, nikaiacha imelala ile ya kwanza nikaenda kipindi. Sitaki hata kusimulia. Kwenye Windows ya pili huwa imefichwa, inawashwa kwenye mipangilio ya vitufe vya umeme.

Mama Mikindani
Samahani wakuu, yangu haizimi, ila nikigusa kasha nikiwa peku linanitekenya. Ni unyevu wa bahari?

Mwenye Steshenari
Hapana dada, hiyo ni ethi haipo, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Kichujio cha ndani ya pawa saplai hupeleka umeme wake wa ziada kwenye kasha ili ushuke ardhini, sasa usipopata njia unakaa hapo ukikusubiri wewe. Tazama plagi kama pini kubwa ya juu haijakatwa ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Kama ipo, mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba, na kabla hajaja vaa ndala.